Zamu ya Bibi

Wanaokisimulia kisa hiki mtaani huwa wanakiharibu. Wanaongeza bundi, wanaongeza paka mweusi, na mmoja nimemsikia kwa masikio yangu akiongeza moshi wa kijani. Hakukuwa na moshi. Mimi nimekipata kwa mwenyewe, mke wa binamu yangu, mchana kweupe, akinisimulia huku anakunja pindo la sketi, na mshono haukupinda hata mara moja. Kwa hiyo tulieni. Mko mikononi mwa mtu mwenye habari kamili, na chumvi yote niliyokuwa nayo nimeimaliza kwenye maneno haya ya mwanzo.

Mwanamke huyo alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Mama Malkia. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na sebule ndiyo iliyokuwa karakana yake: cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ya kukatia, vitambaa vimepangwa mpaka juu ya kabati. Kati ya sebule na chumba cha mtoto hakukuwa na mlango. Palikuwa na pazia.

Malkia alikuwa binti yake wa pekee, miaka tisa. Alizaliwa akachelewa kulia, daktari akaandika kwenye kadi kwamba ubongo ulikosa hewa. Hakutembea, hakusema, na shingo yake haikukaza. Lakini usidhani mle ndani hakukuwa na mtu. Ukimuuliza jambo akalitaka, alitazama juu. Asipolitaka, alifumba macho. Msusi wa jirani aliwahi kumwimbia wimbo, na Malkia akafumba macho mpaka wimbo ulipokwisha. Jina la Malkia alipewa na baba yake, kwa kuwa, alisema, ndiye pekee ndani ya nyumba anayebebwa, anayelishwa, na asiyeulizwa amefanya nini tangu asubuhi.

Baba mwenyewe ndiye binamu yangu. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma, na kwa sababu hakuwa na fulana isiyo na matundu ya moto, wakamwita Cheche. Ndiye aliyemtengenezea binti yake kiti cha mabomba, chenye mkanda wa kifuani na mahali pa kuegemeza kichwa, kiti ambacho hata hospitali hawakuwa nacho.

Na kulikuwa na Bibi, mama yake Cheche, mwanamke mnene wa maneno machache. Huyo ndiye aliyekuwa na ujuzi. Alijua kwamba Malkia analishwa kwa kijiko cha plastiki, maana cha chuma anakiuma. Kidevu kiinamishwe kidogo. Uji uwe mzito, la sivyo anapaliwa. Ukishamtilia mdomoni, umpitishe kidole kooni kwa nje taratibu, toka juu kwenda chini, ndipo ameze. Akilala, ageuzwe kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda. Ndani ya kila kiganja chake awekewe kitambaa kilichoviringishwa, kwa kuwa ngumi zake zilijifunga zenyewe na kucha zingemchoma. Haya yote Bibi aliyafanya ameketi kwenye kigoda chake kando ya kiti cha mabomba, bila haraka, kama mtu anayeota moto.

Halafu kulikuwa na sheria.

Ilizaliwa siku ambayo hawakupenda kuizungumzia. Malkia alikuwa na miaka mitatu. Mama yake, akiwa sebuleni, alidhani Bibi yuko na mtoto. Bibi, akiwa uani, alidhani mama yuko naye. Mtoto akateleza kwenye kiti, mkanda ukapanda shingoni. Walipomkuta midomo ilikuwa ya buluu. Mtoto alipona. Bibi hakupona.

Tangu siku hiyo, anayetoka alipaswa kuweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto na kusema, "Nakukabidhi." Anayeingia aliweka chake na kusema, "Nimepokea." Mpaka neno hilo lisikike, anayetoka hatoki, hata nyumba ikishika moto. Cheche alizoea kuwatania kwamba wanabadilishana lindo kama askari wa benki. Bibi akamjibu kwamba benki ikiibiwa, hela huchapishwa nyingine. Na sheria ilikuwa na kifungu cha pili: zamu haikabidhiwi katikati ya chakula. Ukiingia wakati Bibi analisha, ukajitolea kumpokea, hakugeuka hata kukutazama. Alisema tu, bado hajashiba, na wewe ukarudi ulikotoka.

Bibi alikufa Jumanne, saa nne asubuhi, zamu yake.

Mama Malkia alikuwa sebuleni anakimbizana na sare arobaini za shule. Alikuwa anakisikia kijiko kikigonga bakuli. Kisha hakukisikia. Akamaliza mkono wa shati. Akamaliza na wa pili. Ndipo ule ukimya ulipomfikia. Alipovuta pazia, Bibi alikuwa palepale kwenye kigoda, kidevu kifuani, kijiko mkononi. Malkia alikuwa anamtazama. Mdomo wake ulikuwa umejaa uji. Hakuwa ameumeza. Alikuwa anasubiri kidole kimpitie kooni.

Yakafuata yale ya msiba: vilio, viti vya kukodi, wajomba ambao hamjawaona tangu msiba uliopita. Wao wawili, mke na mume, walimbeba Bibi kutoka kwenye kigoda mpaka kitandani, na Mama Malkia hakusahau jinsi alivyokuwa mzito. Mtoto akapelekwa kwa msusi. Bibi akazikwa kule juu makaburini, kwenye udongo mwekundu unaoganda kwenye viatu. Katika pilikapilika zote hizo hakuna aliyeweka kiganja kichwani kwa mtoto. Hakuna aliyesema amepokea. Nani angekumbuka?

Malkia aliacha kula.

Si kwamba alikataa kwa ukali. Alibana meno, akakitazama kigoda. Mama yake aliketi hapohapo, akashika kijiko kilekile, akapitisha kidole kooni vilevile. Mtoto alitazama pembeni yake, kama unavyomtazama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenzake. Msusi alijaribu, akaambulia kutemewa. Cheche alijaribu, akatoka nje na hakurudi kwa saa nzima. Wakati huohuo shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, wazazi wanabisha hodi, cherehani imenyamaza. Wiki ya tano muuguzi wa kliniki alimpima Malkia kwenye mizani ya kiti, akasoma kilo kumi na tano, akavua miwani. Alisema ikishuka nyingine moja, mtoto atalazwa na kuwekewa mpira puani, na alivyomwona, hakuwa na hakika kama atatoka.

Basi hapo mweke mwanamke huyo. Binti yake anaisha mbele ya macho yake kama kipande cha sabuni. Na yeye hajalala siku tatu.

Ilikuwa adhuhuri. Alikuwa amebembeleza kijiko kimoja tangu saa nne. Mwalimu mmoja wa shule akabisha hodi, amekuja kupimwa suti, hana muda. Mama Malkia aliweka bakuli kwenye stuli, na kwa mazoea, maana mkono uliochoka hufanya ulichozoea, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto akasema, "Mama, nakukabidhi." Akatoka. Alikuwa amekwisha kuzungusha futi kifuani kwa mwalimu ndipo alipojisikia alichosema, na kwamba Mama aliyemwita ni marehemu mkwe wake.

Nyuma ya pazia, kwa sauti ya chini:

"Nimepokea."

Mwalimu aligeuza shingo. "Kumbe una msaidizi," alisema. "Afadhali."

Mama Malkia aliliendea pazia kwa hatua za mtu anayevuka mto. Akalivuta. Hakukuwa na mtu. Malkia alikuwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo. Mdomo ulikuwa umefutwa. Bakuli lilikuwa jeupe, halina hata tone.

Najua mnachofikiri. Nyinyi mngekimbia. Mngekimbia, tena mngeacha viatu, na mimi ningekuwa mbele yenu. Lakini nyinyi hamjawahi kumbembeleza mtoto kijiko kimoja kwa saa mbili huku mnamhesabia mbavu. Mama Malkia alisimama pale, roho mkononi, akaliangalia lile bakuli. Kisha akaenda jikoni kupika lingine.

Kesho yake aliweka kiganja kichwani na kusema yaleyale. Akajibiwa. Kesho kutwa pia. Alikuwa akikabidhi asubuhi, anatoka, anakaa kwenye cherehani na kukanyaga kwa nguvu asisikie. Lakini pazia si ukuta. Alisikia kijiko. Alisikia kigoda kikilalamika. Siku nyingine alisikia mtu akiguna kwa kuumwa mgongo, guno lilelile la Bibi la miaka yote. Alishona sare zote arobaini, akachukua na kazi nyingine. Mumewe alipouliza siri ya mtoto kuanza kula, alisema tu kwamba Mungu mkubwa. Cheche hakuuliza tena, na hilo lingepaswa kumshangaza.

Kilo kumi na saba. Ishirini. Ishirini na nne. Muuguzi alimsifu mpaka akaona haya.

Mambo mengine aliyaona na kuyapita. Vitambaa vya viganjani vilibadilishwa, vimefuliwa, vimekunjwa. Nywele za mtoto zilisukwa mabutu matatu ya mtindo wa zamani, na msusi, ambaye ana wivu wa kazi, alinuna akauliza ni nani huyo anayemwibia mteja. Kucha zilikatwa. Vipande vya kucha alivikuta dirishani, vimefungwa kwenye karatasi. Alivihesabu, asijue kwa nini anavihesabu. Vilikuwa ishirini, vya mikono na miguu. Na vingine kumi. Vinene. Vya njano.

Hilo nalo alilipita.

Ambalo hakuweza kulipita lilikuwa macho. Malkia hakumtazama tena. Alimuuliza kama anataka maji, macho hayakwenda juu wala hayakufumba. Alimuuliza kama anamjua yeye ni nani. Mtoto alikitazama kigoda kwanza, kama anayeomba ruhusa. Kisha akafumba macho.

Halafu ukaja ule uzito. Asubuhi moja alimwinamia kumtoa kitandani, akapitisha mikono makwapani kama kila siku, akavuta. Mtoto hakunyanyuka. Mikono ilikuwa ileile myembamba, miguu ileile ya vijiti. Akavuta tena mpaka kiuno kikalia. Kliniki, walipofika kwa kusaidiana na msusi, sindano ya mizani ilizunguka ikapita thelathini, ikapita hamsini, ikasimama themanini na mbili. Muuguzi aliipiga mizani kofi. Akapanda yeye mwenyewe, ikampima sawasawa. Akamrudisha mtoto. Themanini na mbili. Hakuandika chochote kwenye kadi. Alimrudishia mama kadi yake bila kumtazama usoni.

Mama Malkia aliujua uzito ule. Alikuwa ameubeba mara moja tu maishani. Jumanne ile, kutoka kwenye kigoda mpaka kitandani.

Siku mbili baadaye alikuwa anapiga pasi sebuleni. Saa nane za mchana, jua kali, watu wanapita nje wakicheka. Aligundua kwamba kijiko hakigongi tena. Alivuta pazia.

Malkia alikuwa amevishwa nguo. Gauni la kutokea, lile jeupe la sikukuu. Kola imenyooshwa. Mikono imewekwa mapajani, mmoja juu ya mwingine. Kiti cha mabomba, chuma kitupu kisicho na magurudumu, kilikuwa kimegeuzwa kuelekea mlango wa uani. Na miguuni alikuwa na viatu. Alinunuliwa vile viatu kwa ajili ya picha, na havikuwahi kugusa ardhi, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kuigusa. Kamba zilikuwa zimefungwa.

Mama yake alipiga magoti, akageuza soli moja.

Udongo. Mwekundu, mbichi, umejaa kwenye mifereji ya soli mpaka kisiginoni. Mtaa wao wote ni mchanga.

Alimngoja mumewe mlangoni. Alimweleza kila kitu, toka lile neno la kwanza mpaka viatu, akisubiri aambiwe kwamba amechanganyikiwa. Cheche hakusema hivyo. Alikaa chini, juu ya marobota ya kitambaa, akaufunika uso wake. Alisema alikuwa anajua. Mchana mmoja alipita nyumbani kuchukua kipimio alichokisahau, akamsikia mama yake anaguna mle ndani. Alisimama uani nusu saa nzima, analia. Kisha akarudi kazini. Alishindwa kuingia, akashindwa kusema, maana akisema ingekoma.

"Kuna jingine," alinong'ona. "Mwezi mmoja kabla hajafa aliniuliza. Alisema, mwanangu, mtoto huyu hakuna anayemjua kama mimi. Nikitangulia, nije nimchukue?"

"Ukamjibuje?"

"Nilidhani ni maneno ya uzee."

"Baba Malkia. Ukamjibuje?"

"Nilimwambia sawa, mama."

Mama Malkia hakumpiga, ingawa aliniambia mkono ulinyanyuka wenyewe. Sasa aliyaelewa yote. Bibi hakuwa anamlisha mtoto ili apone. Alikuwa anamlisha kwa ajili ya safari. Na mtu anayetaka kuondoka na mtoto ambaye yuko mikononi mwake kihalali, aliyekabidhiwa kwa mdomo wa mama yake mzazi kila asubuhi, nani wa kumzuia? Palibaki njia moja tu. Bibi mwenyewe arudishe zamu.

Alipiga moyo konde. Kesho yake, mchana uleule wa saa nane, alifunga mlango wa mbele. Cheche alibaki nyuma ya pazia. Alisema hawezi kuingia, naye hakumlazimisha.

Malkia alikuwa kwenye kiti chake, gauni jeupe bado mwilini, maana kila lilipovuliwa alikutwa amevishwa tena. Bakuli lilikuwa kwenye stuli, uji umefika nusu. Mama aliweka kiganja kichwani. Nywele zilikuwa baridi kama chupa iliyotoka kisimani.

"Mama," alinong'ona. "Nimekuja kumpokea."

Alikikaza kiganja kidogo.

"Mama. Zamu imeisha."

Kigoda kililia, kama kinavyolia mtu mnene anapojiweka sawa. Kisha sauti. Karibu mno. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyekatizwa kazi.

"Bado hajashiba."

Mama Malkia akaketi sakafuni. Alikuwa ameingia katikati ya chakula. Sheria ni sheria. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja, na akangoja. Alikodolea macho kijiko. Kijiko hakikusogea. Akapepesa. Uji ulikuwa umepungua. Akajaribu asipepese, macho yakamwagika machozi, akapepesa. Umepungua tena. Koo la Malkia lilibonyea, toka juu kwenda chini, polepole, chini ya kidole kisichokuwapo. Akameza. Ikabaki robo. Kisha chini ya robo. Nje muuza maji akapita akipiga kelele. Kijiko kikakwangua ukingo wa bakuli. Mara moja. Mara mbili.

"Mama, nipe mwanangu."

"Ukitangulia wewe," sauti iliuliza, "nani?"

Hilo ndilo swali ambalo lilikuwa linamkalia kooni tangu siku daktari alipoandika kwenye kadi. Kila mwenye mtoto wa namna hii analijua. Huwa hulisemi. Unaligeuza kama mto, ulale upande wenye baridi.

"Baba yake," alijibu.

Nyuma ya pazia Cheche hakutoa sauti.

Kifua cha Malkia kilisimama. Mama alihesabu. Moja. Mbili. Tano. Nane. Kikarudi, kwa kukoroma.

"Dada zangu."

Kifua kikasimama. Kumi. Kumi na mbili. Dada zake walikuwa hawajafika pale mwaka wa tatu. Kikarudi.

"Msusi. Serikali. Watu wema. Mama, wapo watu wema."

Kikasimama. Kumi na tano. Ishirini. Midomo ikaanza kugeuka, buluu ileile, buluu ya siku ya ule mkanda. Macho ya Malkia yalikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi yalikuwa yanamtazama yeye. Yakaenda juu. Kisha yakamrudia. Kisha juu tena.

Alikuwa anasema ndiyo. Ndiyo kwa nani, mpaka mwisho mama yake hakujua. Lakini alimkumbatia kwa mikono yote miwili na kusema palepale, bila kunong'ona tena:

"Mimi. Nikitangulia nitarudi mimi. Sitamchukua, sitampeleka popote. Nitakaa naye hapa."

Nyumba nzima ikatulia. Hata muuza maji hakusikika.

Kiganja kizito, kikavu, kilitoka juu ya kiganja chake. Hakujua kilikuwa kimewekwa tangu lini.

"Nakukabidhi."

"Nimepokea."

Mtoto alivuta pumzi ndefu kama mtu anayetoka majini, na uzito ukamtoka wote kwa mkupuo, mama akaanguka chali naye akiwa kifuani. Kilo ishirini na kitu, za moto, zinazolia. Malkia alilia mpaka jioni. Hawakumnyamazisha.

Baada ya hapo Mama Malkia alihamishia cherehani yake chumba cha mtoto, akaling'oa pazia. Ile sheria ya kukabidhiana ilifutwa, hakuna aliyelisema lile neno tena ndani ya nyumba hiyo. Aliishi miaka kumi na miwili zaidi, akimlisha mwenyewe, akimgeuza mwenyewe. Nilipomuuliza kama hakuogopa ahadi aliyoitoa, alikata uzi kwa meno. Alisema alichokuwa anaogopa zamani ni kufa. Sasa anaogopa kuzeeka, asije akafika kule akiwa amechoka.

Alifia mjini, kwenye duka la vitambaa, katikati ya kuchagua rangi. Alianguka tu. Cheche alipigiwa simu akiwa kazini, akakimbia moja kwa moja nyumbani, maana Malkia alikuwa peke yake tangu asubuhi na mwenye funguo ndiye huyo aliyekufa. Alivunja kufuli kwa nyundo. Binti yake alikuwa ameketi wima, amefutwa mdomo. Hakuwa anamtazama baba yake. Kwenye stuli palikuwa na bakuli tupu, na uji uliobaki ukingoni ulikuwa bado unatoa mvuke.

Cheche sasa ni mzee. Kila asubuhi anaifunga nyumba na kwenda kuchomelea mageti ya watu, na ukimuuliza amemwachia nani mgonjwa, anakujibu kama mtu anayejibu salamu: yuko na mama yake.

Mwezi uliopita kliniki iliwatumia muuguzi mpya, binti wa juzi tu, mmoja wa wale wanaotembelea wagonjwa majumbani na hawana subira na maneno ya mtaani. Alimkuta Malkia, mwanamke mzima sasa, hana kidonda hata kimoja mgongoni, ngozi imepakwa mafuta mpaka katikati ya vidole. Aliandika kwamba hajawahi kuona mgonjwa wa kitandani aliyetunzwa hivyo. Kisha akaona sakafu. Kando ya kitanda, kwenye saruji ngumu, palikuwa na vishimo viwili vilivyolika, sambamba, virefu kiasi cha unyayo wa mwanamke, kama vile mtu ameketi hapo miaka na miaka bila kunyanyua miguu. Cheche alimwambia amekwisha kuviziba kwa saruji mara saba. Vinarudi ndani ya wiki.

Muuguzi alicheka. Alivua kiatu, akatumbukiza mguu wake kwenye kishimo kimoja kupima ukubwa.

Kilikuwa na joto. Na chini ya vidole vyake akahisi vidole vingine, vikijisogeza taratibu upande, kumpisha.